Agnes Pockels: Mwanakemia aliyeanzia jikoni

Juma hili tunawaletea habari za mwanamke ambaye hakusoma chuo kikuu, lakini wataalamu wa kemia wanatumia mpaka leo chombo kilichotokana na kazi yake ya jikoni.

Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862 huko Venice, akakulia Braunschweig, Ujerumani. Alipenda sana fizikia, ila wakati ule vyuo vikuu vya kwao havikupokea wasichana. Mdogo wake Friedrich akaenda kusoma, Agnes akabaki nyumbani kuuguza wazazi, kupika na kuosha vyombo. Hali hiyo wengi wetu tunaijua.

Katika maji ya kuoshea vyombo Agnes aliona jambo. Mafuta au sabuni kidogo tu hubadilisha uso wa maji. Alipokuwa na miaka 20 hivi, alijaza maji mpaka ukingoni katika chombo cha bati chenye urefu wa sentimita 70, akalaza ukanda wa bati juu yake. Alipousogeza, utando wa mafuta juu ya maji ulibanwa au ukapanuka. Kisha kwa mizani alipima nguvu inayohitajika kuinua kisahani kidogo kama kifungo cha shati kitoke juu ya maji. Hivyo aliweza kujua uso wa maji unavuta kwa nguvu kiasi gani.

Friedrich alimpatia vitabu vya kujisomea. Mwaka 1891 Agnes alimwandikia Lord Rayleigh, mtaalamu mkubwa wa Uingereza. Yeye hakuidharau barua hiyo. Aliipeleka katika gazeti la sayansi la Nature, nalo likaichapisha mwezi wa Machi. Agnes akaendelea kuandika makala, huku akiwahudumia wazazi.

Baadaye Mmarekani Irving Langmuir alikiboresha chombo hicho, na mwaka 1932 akapata tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya nyuso za vitu. Mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes udaktari wa heshima, naye ana miaka 70. Alifariki mwaka 1935.

Agnes alisaidiwa na vitabu vya ndugu yake, na mtu mmoja aliyekubali kusoma barua yake. Kiti darasani hakukipata. Wamama, tunapogawa feza za masomo nyumbani, binti anayeosha vyombo asihesabiwe wa mwisho.