Ugomvi wa Amin, adhabu ya wakulima wa Mbale

Kilima cha Nabugoye kiko nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Hapo ndipo yalipo makao ya Abayudaya, Waganda walioshika dini ya Kiyahudi tangu 1919. Mwaka huo Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kisha akakosana nao, alitahiriwa pamoja na wanawe kwa kufuata alichokisoma katika Agano la Kale. Alifariki 1928, akaacha waumini wakulima.

Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Israel ilikuwa rafiki yake na mkufunzi wa jeshi lake. Mwaka uliofuata aligeuka akashikamana na Gaddafi wa Libya, akawafukuza Waisraeli, na Septemba akampelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Hasira hiyo ilishuka hadi Nabugoye. Dini ya Abayudaya ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Rabi Gershom Sizomu, mmoja wao, amesimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na familia ikamkomboa kwa mbuzi.

Kosa la mzee yule lilikuwa lipi? Alikuwa raia wa Uganda, analima na kusali katika ardhi ya Uganda. Rais aliyepaswa kumlinda ndiye aliyemtwisha ugomvi wake na taifa la mbali. Dhuluma ya namna hii bado ipo: vita vikizuka Mashariki ya Kati, Myahudi au Mwislamu asiyehusika hutazamwa kwa jicho baya mtaani kwake. Tuikatae, hata anapoianzisha mtu tunayemuunga mkono.

Kampala ilikombolewa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaanza. Abayudaya waliokuwa wakikadiriwa kufika 3,000 walikuwa wamebaki kama 300. Ruhusa ya kuabudu ilirudi, na taratibu wakajikusanya upya. Sizomu alipata urabi 2008 baada ya masomo Los Angeles. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, walimchagua kuwa mbunge wao.