Ndege ya ziwa letu

Wakati baridi inakamata Ulaya, mbayuwayu wanakimbilia kwetu Katanga, ku mvua. Siku hatuna kazi, twende ku ziwa Tshangalele, karibu na Likasi: tutawaona wakikamata wadudu juu ya maji.

Ziwa hili lilitoka ku kazi ya mine. Mu 1930 baraji ya Mwadingusha ilifunga Lufira ili mashine zipate umeme. Lakini mu matete yake kunaishi ndege mdogo wa manjano, mwenye kusuka nyumba yake. Walimukamata mu 1960; mu 1982 wataalamu wakamupa jina, Ploceus ruweti. Anajulikana huku Lufira tu.

Mvua ikiisha, mbayuwayu wanarudia kwao. Huyu hana kwingine. Siye wa mine, tuchunge yale maji: ni yake, ni ya samaki tunakula, ni ya watoto wetu.