Zaidi ya "Kimeungua": Istilahi za Kubainisha Madhara ya Volteji Kupita Kiasi katika Vidhibiti vya Viwandani

1.0 Utangulizi

Kidhibiti cha kielektroniki kinapoharibika kiwandani, fundi husema "kimeungua" au "kimepigwa shoti". Kauli hizo hutaja matokeo, hazitaji chanzo. Chanzo kisipotajwa, kidhibiti kipya hufungwa mahali palepale na kukabiliwa na hitilafu ileile. Wala haijulikani nani awajibike, msambazaji wa umeme, mwenye kiwanda au aliyefunga mtambo. Makala haya yanaeleza jinsi chanzo kinavyobainishwa, na kupendekeza istilahi tatu za kukitaja.

2.0 Vyanzo vitatu

Cha kwanza ni mpigo wa volteji, yaani volteji kubwa sana, pengine maelfu ya volti, inayodumu kwa mikrosekunde tu. Huletwa na radi au na kuwashwa na kuzimwa kwa mitambo mikubwa. Suala hili linatuhusu sana, kwani Ziwa Victoria na mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani.

Cha pili ni mzidio wa volteji, unaoweza kudumu kwa dakika au hata saa. Waya wa nyutro ukikatika katika mfumo wa fezi tatu, kifaa cha volti 240 chaweza kupokea volti zinazokaribia 415.

Cha tatu ni mrudisho wa nishati. Mota inayopunguzwa kasi ghafla hugeuka jenereta na kurudisha nishati katika kidhibiti chake. Umeme wa volti 415 ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufikia takriban volti 587. Nishati iliyorudishwa huipandisha volteji hiyo zaidi. Hapa gridi haina kosa.

3.0 Kusoma dalili

Kabla ya kufungua kidhibiti, ifahamike kuwa "kimezimwa" si "ni salama": kapasita hubaki na chaji. Fundi husubiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kisha hupima.

Mahali palipoharibika huonyesha njia. Mlango wa mawasiliano ukifa ilhali sehemu ya kupokea umeme ni nzima, yamkini mpigo ulipitia waya wa mawasiliano. Varista iliyoungua kwa joto pamoja na kapasita zilizopasuka, hasa vifaa kadhaa vya fezi moja vikiharibika kwa wakati mmoja, huelekeza kwenye mzidio. Kapasita zilizovimba pekee si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa umri na joto pia huzivimbisha. Kumbukumbu ya hitilafu inayoonyesha kidhibiti kujizima kila mota inapopunguza mwendo huashiria mrudisho.

Tiba nazo hutofautiana. Mpigo huhitaji kizuia mpigo na waya wa ardhi ulio imara. Mzidio huhitaji kukarabati nyutro na kufunga kifaa cha kukata umeme volteji inapozidi. Mrudisho huhitaji kurefusha muda wa kusimamisha mota au kuongeza kizuizi cha breki.

4.0 Hitimisho

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Hadhi hiyo itakuwa na maana karakana zitakapoweza kuandika kwa Kiswahili taarifa inayotegemewa. Tunapendekeza Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi hizi pamoja na mafundi wenyewe, na fomu za matengenezo ziulize maswali matatu: hitilafu ilitokea mtambo ukifanya nini, iliingia kupitia wapi, na ilidumu kwa muda gani.