AMRI NDANI YA MTAMBO: NI NANI ALIYEIANDIKA?



Tarehe 1 Julai 2018 wananchi wa Uganda waliamka wakakuta simu zao zimefungwa nusu. Kupiga simu ya kawaida kuliwezekana. Ujumbe mfupi ulikwenda. Lakini Facebook, WhatsApp na Twitter hazikufunguka mpaka mwenye simu alipe kodi ya shilingi 200 kwa siku ile. Aliyelipa alifunguliwa. Saa sita ya usiku ilipofika alifungwa tena, na kesho yake alitakiwa kulipa nyingine. Kodi hiyo watu waliiita OTT.

Tupige hesabu. Shilingi 200 kwa siku ni 6,000 kwa mwezi wa siku 30, na 73,000 kwa mwaka mzima. Kwa mwenye gari hiyo si kitu. Kwa mkata miwa na mchuma chai, hiyo ni sabuni ya nyumba na daftari za watoto.

Wakati ule watu walibishana sana juu ya kodi yenyewe, na ilikuwa haki yao. Lakini swali moja halikuulizwa vya kutosha. Ni nani aliyekesha kila usiku akifunga simu za mamilioni ya watu, kisha akazifungua moja moja kadiri kila mtu alivyolipa? Hakuna karani awezaye kazi hiyo, hata wakiajiriwa elfu moja. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mtambo. Yafaa sisi wafanyakazi tuufahamu, maana mtambo wa jinsi hiyo hauko kwenye kampuni za simu tu. Umekwisha ingia viwandani na katika ofisi za mashamba.

ASKARI WA GETI NA OFISI

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Kiwanda kina geti, na getini kuna askari. Askari huyo hana mamlaka ya kuamua nani aingie na nani asiingie. Mgeni akifika, askari hupiga simu ofisini: "Yuko mtu hapa, anasema hivi na hivi." Ofisi hujibu: "Mruhusu," au "Mrudishe." Askari hutii, kisha huandika katika kitabu. Ofisi ndiyo mwamuzi, askari ni mtekelezaji tu.

Mtandao wa kompyuta na simu una mageti mengi ya namna hiyo. Ujumbe wako ukitoka kwenye simu hupita kwenye mnara, halafu hupita katika mitambo iitwayo ruta na swichi, ambayo kazi yake ni kuelekeza ujumbe uende wapi, kwa kasi gani, au usiende kabisa. Zamani fundi alilazimika kuingia katika kila ruta na kuandika maagizo yake kwa mkono. Mitandao ilipokuwa midogo kazi iliwezekana. Ilipokua na kuwa na maelfu ya ruta, mafundi walishindwa, na makosa yakawa mengi.

Ndipo mnamo Januari 2000 IETF, chombo cha wahandisi kinachotunga taratibu za intaneti, kilipotoa maandiko yaliyopanga kazi hiyo upya. Mpango wenyewe ni ule ule wa ofisi na askari wa geti. Mwamuzi awe mahali pamoja, na watekelezaji wawe wengi. Mtambo unaoamua huitwa seva ya sera, yaani kompyuta inayotunza kanuni zote. Utaratibu mmojawapo wa mazungumzo kati yake na ruta uliitwa COPS. Katika simu za 4G mwamuzi huyo anaitwa PCRF, na katika 5G anaitwa PCF. Majina yanabadilika, lakini kazi ni ile ile.

Mazungumzo yao ni mafupi. Ruta inapopata jambo inauliza, seva inajibu, ruta inatekeleza na kutoa taarifa. Lakini liko jambo moja zaidi, nalo ndilo kubwa. Mambo yakibadilika, seva haingoji kuulizwa. Inatuma uamuzi mpya wenyewe, na geti lililokuwa wazi linafungwa papo hapo. Na kama mawasiliano baina yao yakikatika, ruta haiachi kazi. Huweza kuendelea kwa muda na uamuzi uliokuwepo, mpaka wapatane tena.

"KIKITOKEA HIKI, FANYA KILE"

Je, seva inajuaje kwamba mambo yamebadilika? Inaambiwa. Kila badiliko linaloletwa kwake huitwa tukio. Bando lako limekwisha: tukio. Umelipa: tukio. Saa sita ya usiku imefika: tukio. Laini yako imevuka mpaka na kuingia Kenya: tukio. Kompyuta ya ofisini imeonyesha dalili za virusi: hilo nalo ni tukio.

Kanuni zote za seva zimeandikwa kwa mtindo mmoja: kikitokea hiki, fanya kile. Bando likiisha, punguza kasi. Kompyuta ikiwa na virusi, itenge na nyingine. Seva haifikiri zaidi ya hapo. Haina huruma wala chuki.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 200. Ukiiandika kodi ile kwa lugha ya mtambo wa jinsi hii, inakuwa mistari mitatu tu:

Huduma zilizo katika orodha hii zifungwe kwa kila laini.
Laini ikilipa shilingi 200, zifunguliwe.
Saa sita ya usiku ikifika, zifungwe tena.

Ndugu msomaji, itazame vizuri mistari hiyo. Je, imo habari ya mtu ambaye mshahara wake umechelewa? Haimo. Imo habari ya mama aliyeko shambani ambaye mtoto wake yuko hospitali mbali, na habari zinakuja kwa WhatsApp? Haimo. Kodi kwa kawaida ililipwa kwa pesa za simu, basi asiye na salio humo alipata taabu, hata kama alikuwa na noti mkononi. Mtambo haukukataa shida za watu hawa. Haukuzijua kamwe. Tukio ambalo halikuandikwa katika kanuni, kwa mtambo halijatokea.

Na ni nani aliyeamua yaandikwe yale na yaachwe haya? Hapo hatuna haja ya kubahatisha, maana mambo yalifanyika hadharani. Mwezi Machi 2018 Rais Museveni alimwandikia Waziri wa Fedha akitaka watumiaji wa mitandao ya jamii watozwe, ili nchi ipate fedha za kukabili matokeo ya "lugambo", yaani umbea. Bunge likapitisha sheria, na kiwango kikawa shilingi 200 kwa siku. Kampuni za simu zikatekeleza. Amri ilitoka kwa watu wenye majina na vyeo. Mtambo ulikuwa askari wa geti tu.

WALIOZUNGUKA GETI

Watu wengi walitafuta njia ya panya. Walitumia programu ziitwazo VPN. Programu hizo ni kama kutia barua yako ndani ya bahasha nyingine iliyoandikwa anwani ya nchi ya mbali. Geti huona bahasha ya nje tu, halijui kama ndani imo WhatsApp, basi huipitisha. Lakini VPN nayo hula data, na data ni fedha. Mtu alikwepa mia mbili kwa mkono mmoja akalipa sehemu yake kwa mkono wa pili.

Katika mwaka wa fedha wa kwanza serikali ilitazamia kupata shilingi bilioni 284. Ikapata kama bilioni 50. Watu walipinga barabarani, wakapinga magazetini na mahakamani. Hatimaye tarehe 1 Julai 2021 kodi ya kila siku iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data.

Tupate funzo hapa. Siku ile hakuna mtu aliyevunja mtambo wala kung'oa mnara. Mnara ni ule ule, ruta ni ile ile. Kilichobadilika ni amri iliyoandikwa. Na amri ilibadilika kwa sababu watu walielekeza kelele zao kwa mwandishi wake. Mwenye kumpigia kelele askari wa geti hupoteza sauti yake bure.

UTII ULIOPITA KIASI

Wako wanaosema, "Mtambo ni bora kuliko nyapara, maana haupendelei." Ni kweli haupendelei. Lakini utii wake nao una hatari.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Kampuni yenyewe ilieleza sababu. Katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri ambayo, pasipo kukusudiwa, iliangusha nyaya kuu zinazounganisha majumba yake ya kompyuta. Ulikuwepo mtambo wa kukagua amri kama hizo, lakini nao ulikuwa na kasoro, ukaipitisha.

Halafu likaja la pili. Kompyuta zinazoitangazia dunia anwani za kampuni zilikuwa na kanuni yao: ukishindwa kuzungumza na majumba makuu, jihesabu mgonjwa, jiondoe. Kanuni hiyo ni nzuri ikiugua kompyuta moja. Siku ile zote zilishindwa kwa pamoja, basi zote zikajiondoa kwa pamoja. Kila moja ilitii sawasawa, na kwa utii huo kampuni nzima ikapotea katika intaneti. Ikabidi wahandisi waende kwa miguu yao kwenye majumba hayo, nako kuingia kulichukua muda kwa sababu ya ulinzi mkali.

Nyapara wa kibinadamu, pamoja na maudhi yake yote, huenda angesema, "Ngoja kwanza, mbona wote wanatoka kwa pamoja?" Mtambo hausemi ngoja, isipokuwa kama mtu aliuandikia neno hilo mapema.

KIWANDANI NA SHAMBANI

Sasa tuje kwetu. Penye geti la kadi au la alama za vidole, au simu ya kazi ya kupimia majani ya chai, mara nyingi nyuma yake ipo kompyuta inayotunza kanuni. Mathalani, jina likiondolewa katika orodha ya mishahara, hilo ni tukio. Kadi inakufa, simu ya kazi inafungwa, geti halifunguki. Haya yote huweza kufanyika kwa dakika moja, kabla ya barua kuandikwa na kabla ya katibu wa tawi kupata habari. Mfanyakazi anajifunza getini kwamba hana kazi. Akimwuliza askari, jibu ni moja: "Kompyuta imekataa."

Ndugu, neno hilo tusilikubali kuwa jibu. Kompyuta haikatai mtu. Kompyuta hutekeleza kukataa kwa mtu mwingine. Kila tunapolisikia, tuulize maswali manne:

1. Ni tukio gani lililoandikwa, na liliandikwa saa ngapi?
2. Ni kanuni gani iliyotumika?
3. Nani aliiandika kanuni hiyo, na nani aliikubali?
4. Ni mtu gani mwenye uwezo wa kuirekebisha leo?

Majibu ya maswali hayo huweza kupatikana, maana mitambo hii kwa kawaida huweka kumbukumbu ya kila uamuzi, kama kile kitabu cha getini. Asiyetaka kuifungua kumbukumbu hiyo, mara nyingi ana sababu yake. Nawe tunza ushahidi wako: ujumbe wa malipo, tarehe na saa. Mara nyingine umelipa kweli lakini habari ya tukio haijamfikia mwamuzi, na saa iliyoandikwa katika ujumbe wako ndiyo itakayokutetea.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu binafsi inampa mtu haki ya kudai kwa maandishi kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mtambo peke yake. Kenya nayo ilitunga sheria yake mwaka huo huo, na haki ya namna hii imo. Haki iliyolala kitabuni haimsaidii mtu. Makatibu wa matawi waisome, waieleze mikutanoni.

TUDAI NINI

Katika mkataba wa pamoja tumezoea kudai mishahara, likizo, nyumba na viatu vya kazi. Hayo yaendelee. Lakini sasa yatupasa tuongeze kifungu cha mitambo. Mwajiri aonyeshe kanuni zote zinazomgusa mfanyakazi, kwa lugha tunayoielewa. Kanuni mpya isiingizwe kabla ya chama kuarifiwa. Kadi ya mtu isifungwe kwa sababu ya kufukuzwa kazi kabla hajasikilizwa. Na kila zamu awepo mtu, mwenye jina, anayeweza kulifungua geti mtambo unapokosea.

Hatudai mitambo ivunjwe. Mtambo unaotenga kompyuta yenye virusi unalinda kiwanda, na kiwanda ndicho chakula chetu. Tunadai tuwepo pale amri inapoandikwa. Mstari mmoja ulioandikwa mchana ofisini huweza kufunga mageti elfu usiku, wakati sisi tumelala. Basi tuufikie mstari huo mchana, kabla haujaingia mtamboni.