Kiendeshi Kipi? Juu ya Istilahi za Diski ya Kusakinishia

Barua iliyotufanya tuandike makala haya ilitoka Mwika, katika miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Mwandishi wake ni mwalimu wa shule moja ya sekondari huko. Hakuomba tafsiri ya neno, kama wafanyavyo wengi wanaotuandikia. Alitaka kujua kama lugha yaweza kufuta alama za wanafunzi.

Mambo yalikuwa hivi. Shule yake ilipata kompyuta kadhaa za mpakato zilizokwisha kutumika Ulaya, nazo zilifika tupu, bila mfumo endeshi. Mwalimu alikuwa na diski ya kusakinishia Windows 10 ambayo ilikuwa imefanya kazi vyema katika kompyuta zote za zamani za shule. Alipoitia katika hizi za mpakato, usakinishaji ulianza kama kawaida, ukafika pale mtumiaji anapoulizwa mfumo uwekwe katika diski ipi, na hapo orodha ikawa tupu. Kompyuta ilidai kwamba haina diski hata moja, ilhali diski ilikuwamo, nzima, na mwalimu alikuwa ameishika kwa mkono wake.

Alikwenda Moshi mjini, akauliza kwa mafundi, akasoma, akaunda diski yake mwenyewe iliyotiwa kile kilichokosekana. Kisha, kama mwalimu yeyote mwema, aliandika mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili ili wenzake waweze kuendelea na kazi asipokuwapo. Ndani ya mwongozo huo mlikuwa na sentensi hii: «Iwapo kiendeshi cha zamani kimo, kifute kwanza, kisha tia kipya.» Alikusudia programu iliyomo katika folda ya kuandalia diski. Kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne, ambaye husaidia katika chumba cha kompyuta, alipewa mwongozo na diski, akaagizwa aifanyie kazi pia kompyuta ya ofisi ya taaluma. Kompyuta hiyo ilikuwa ya aina ya zamani, na diski yake ilionekana bila taabu. Katika orodha aliliona neno la Kiingereza ambalo darasani alifundishwa kuwa maana yake ni kiendeshi. Mwongozo ulisema kifutwe. Akakifuta.

Alama za tathmini endelevu za madarasa manne zilikuwa humo. Walimu walizirudisha nyingi kutoka katika madaftari yao, si zote.

Tunasimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kuhukumiwa kwa uzuri wa neno: kama lina asili ya Kibantu, kama linatamkika, kama halichekeshi. Ni mara chache tunapohukumiwa kwa yale ambayo neno limemfanya mtu atende. Lakini kabla ya kulihukumu neno yatupasa tukifahamu kitu chenyewe, maana mfasiri asiyejua kitu hufasiri herufi.

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa katika saketi zake ndiyo inayoamka kwanza. Programu hiyo ina njia yake yenyewe ya kusoma diski, na kwa njia hiyo huchukua vipande vya mwanzo vya mfumo endeshi na kuvitia katika kumbukumbu. Baada ya hapo mfumo endeshi hushika hatamu, na njia ile ya mwanzo huachwa. Sasa mfumo wenyewe unapotaka kusoma au kuandika katika diski, hauiendei diski moja kwa moja. Kati yao yupo mlinzi, yaani saketi inayopokea maombi, inayoyapanga na kuyatekeleza. Hicho ndicho tunachokiita kidhibiti. Kila aina ya kidhibiti ina namna yake ya kuombwa, na mfumo endeshi hauwezi kuzijua namna zote. Hivyo hupewa programu ndogo kwa kila aina, inayojua kukiomba kidhibiti cha aina hiyo.

Wenyeji wa Mwika hawatapata shida kuelewa, kwa kuwa wazee wao walichimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka mlimani, na wanajua kwamba maji kuwamo bwawani si sawa na maji kufika shambani. Lazima awepo anayejua lango la bwawa lile hufunguliwaje. Mgeni aliyesimama ukingoni bila kujua lango anaweza kuapa kwamba hapana maji.

Tatizo la diski ya kusakinishia ni hili: ile programu inayojua lango huhitajika kabla mfumo haujapata mahali pa kukaa. Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Diski ya kusakinishia hutengenezwa mwaka fulani, nayo hubeba viendeshi vya vidhibiti vilivyojulikana mwaka huo. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Utaratibu mpya wa vidhibiti uitwao AHCI ukatangazwa mwaka 2004. Matokeo yake, wengi waliosakinisha XP katika kompyuta zilizofuata walikutana na skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, ambayo maana yake ni kwamba mfumo umeshindwa kuifikia diski unayopaswa kuanzia. Watengenezaji walikuwa wameacha mlango mdogo: mtu aliweza kubonyeza kitufe cha F6 mwanzoni mwa usakinishaji na kuleta kiendeshi kwa diski laini. Lakini wakati huo kompyuta mpya zilikuwa zimeanza kuuzwa bila tundu la diski laini. Ndipo mafundi walipoanza kunakili diski yote katika folda, kutia kiendeshi humo, kuhariri faili linaloorodhesha viendeshi, na kuchoma diski upya.

Hadithi ile ile ilijirudia. Windows 7 ya mwaka 2009 haikuvijua vidhibiti vya NVMe, ambavyo kanuni zake zilitolewa mwaka 2011. Na kompyuta nyingi za mpakato za kizazi cha 11 cha Intel, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, huzificha diski zake nyuma ya utaratibu uitwao VMD, ambao diski ya kawaida ya Windows 10 haiutambui. Hilo ndilo lililompata mwalimu wetu.

Katika Windows za siku hizi kazi hufanywa ndani ya faili mbili kubwa, boot.wim na install.wim. Ya kwanza hubeba mfumo mdogo unaoendesha usakinishaji wenyewe. Ya pili hubeba mfumo utakaokaa katika kompyuta. Ndani ya boot.wim mna taswira mbili, na ile ya pili ndiyo inayotumika unapoanza kutoka kwenye diski ya kusakinishia. Anayetia kiendeshi katika boot.wim peke yake ataiona diski, atasakinisha hadi mwisho, atafurahi, kisha kompyuta ikijiwasha upya mfumo mpya waweza kushindwa kuiona diski ile ile unamokaa. Lazima kiendeshi kitiwe pande zote mbili.

Hapa Kiswahili kina silaha ambayo wafasiri wengi huisahau. Mnyambuliko wa kutendea waweza kutenganisha mambo haya bila maneno marefu: mfumo wa kusakinishia ni ule wa boot.wim, na mfumo wa kusakinishwa ni ule wa install.wim. Herufi moja yatosha. Tumeona miongozo inayoandika «mfumo wa usakinishaji» kwa yote mawili, na msomaji akaachwa abahatishe.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Katika Kiingereza kuna maneno mawili, «drive» na «driver», yanayotofautiana kwa herufi moja tu mwishoni. La kwanza ni chombo kinachobeba diski, nalo liliitwa hivyo kwa sababu ya mota iliyokuwa ikiizungusha. La pili ni programu tuliyoieleza. Mfasiri aliyetazama kitenzi cha Kiingereza badala ya kutazama kazi ya kitu alifika kwenye kuendesha mara zote mbili. Orodha mbili za istilahi zilizokuwa zikizunguka mashuleni zilitoa neno kiendeshi. Moja kwa chombo, nyingine kwa programu. Mwalimu wa Mwika alitumia orodha moja kwa maelezo yake ya darasani na nyingine kwa mwongozo wake. Hatuwezi kumlaumu.

Yafaa ikumbukwe kwamba fani hii ilitufikia kwa kuchelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katika miaka ile ambayo Tafsiri Sanifu ilikuwa ikitoa istilahi za fani nyingine, kompyuta haikuwa kitu ambacho karani au mwalimu wa kawaida alikigusa. Juhudi kubwa za kuzipa programu zenyewe sura ya Kiswahili zilikuja baadaye, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake. Wakati huo mafundi walikwisha kujitafutia maneno.

Na maneno ya mafundi si ya kudharauliwa. Katika vibanda vya Moshi hawasemi kusakinisha. Wanasema kupiga Windows. Hawasemi kiendeshi, wanasema draiva, tena kwa upatanisho wa kitu: draiva imegoma, draiva hazijakaa. Yatupasa tukiri jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wenzetu. Mwongozo ule ungaliandikwa kwa lugha ya kibandani, «draiva ya zamani ifute», alama zisingalifutika. Neno la mkopo lililosimama peke yake lilikuwa salama kuliko neno la Kiswahili lililokaliwa na wawili.

Dereva, kwa upande mwingine, hatulipendekezi. Ni neno la mkopo lililokwisha kupata makao, nalo lina ngeli ya watu. Mtu akiandika «dereva ameondolewa», msomaji atamwona utingo akipiga honi. Akiandika «dereva imeondolewa», mwalimu wa sarufi atamrudishia karatasi.

Tunapendekeza, basi, kiendeshi kibaki kwa programu peke yake. Umbo lake ni lile la kiunganishi na kivumishi, yaani kitu kinachotenda kazi fulani ndani ya mfumo, nalo linaafiki. Chombo chenyewe kiitwe diski, na kile kinachosoma sahani za plastiki kiitwe kisoma-diski. Kiendeshi kwa maana ya chombo kiachwe kabisa, hata darasani, hata katika mitihani.

Kutakuwa na msomaji atakayesema kwamba diski za siku hizi si duara wala hazizunguki, na kwamba «diski ya kusakinishia» aghalabu ni flashi. Ni kweli. Lakini tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na wapo wanaoendelea kuiita garimoshi bila kuulizwa moshi uko wapi.

Kwa tendo la kutia viendeshi katika diski, tumependelea kupachika. Wanasarufi wanalifahamu, na fundi yeyote aliyepachika kipuri analifahamu. Sakinisha libaki kwa kuuweka mfumo mahali pa kukaa, jambo linalokubaliana na undugu wake na maskani. Sanidi litumike kwa kurekebisha mipangilio baada ya hapo, wala yasibadilishane.

Neno lililotushinda ni hifadhi. Katika rasimu yetu ya kwanza tuliandika «kidhibiti hifadhi», kwa kuwa kidhibiti hiki chaweza kusimamia vyombo vya aina nyingi, si diski tu. Tulipomsomea mwalimu rasimu hiyo alicheka. Kwa watu wa Mwika, hifadhi ni ule msitu ulio juu ya vihamba vyao, uliomo katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliyoanzishwa mwaka 1973, na kidhibiti hifadhi angekuwa askari anayekamata wakata kuni. Tumeandika kidhibiti cha diski kwa sasa, tukijua kwamba ni finyu kidogo. Ghala limependekezwa na mwenzetu mmoja. Sisi tunaliona zito, ila hatujalikataa.

Mwalimu amekwisha kuuandika upya mwongozo wake. Sentensi ile sasa inasomeka hivi: «Iwapo ndani ya folda ya kuandalia mna kiendeshi cha zamani cha kidhibiti cha diski, kiondoe katika folda hiyo, kisha pachika kipya katika mfumo wa kusakinishia na katika mfumo wa kusakinishwa. Usifute chochote katika orodha ya diski za kompyuta.» Ni ndefu kuliko ya kwanza mara nne. Kijana yule aliisoma mbele yetu, akaonyesha kwa kidole kila kitu kilichotajwa, na hakukosea. Walimu na wafasiri walio na pendekezo bora kuliko kidhibiti cha diski tunawaomba watuandikie, wakitaja na sentensi watakamolitumia.