Unapokwenda Kumwona Binti Ng'ambo

Binti yako muuguzi amehamia Uingereza, na sasa amekutumia tikiti ukamwone mjukuu. Hongera, mama! Lakini kabla ya kufunga unga na majani chai, fikiria dawa zako za presha. Zibebe katika mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Sanduku hupotea. Insulini nayo yaweza kuganda huko chini kwenye mizigo, na ikishaganda haifai tena.

Chukua za siku zote za ziara, na za wiki moja zaidi. Huko, cheti cha daktari wa Kenya hakikubaliwi dukani.

Tena, mgeni akilazwa hospitalini hulipishwa, hata kama bintiye anafanya kazi humo humo. Kata bima ya safari mapema, na useme ukweli kuhusu presha hiyo. Ukiificha, kampuni yaweza kukataa kulipa.