Mwenzi wa Mbwa Kiziwi

Katika nyumba nyingi mbwa ni wa baba kwa jina, lakini kwa kazi ni wa mama. Mama ndiye anayejua kama ameshiba, amelala wapi, na kama leo ameamka vibaya. Ndiyo maana mama huwa wa kwanza kugundua kwamba mbwa haitiki tena. Lango linagongwa, yeye amelala. Sufuria inaanguka jikoni, hageuzi kichwa. Watoto wanamwita mvivu, baba anasema ana kiburi, na pengine anachapwa fimbo kwa kutotii amri ambayo hakuisikia.

Mama mpendwa, kabla ya fimbo, mpime. Simama nyuma yake mahali asipokuona, hakikisha upepo haumpelekei harufu yako, kisha piga makofi. Usikanyage chini kwa kishindo, maana mbwa kiziwi huhisi mtetemo wa sakafu kwa miguu yake, nawe utadhani amesikia. Rudia siku nyingine akiwa ametulia. Asipogeuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo aangalie masikio, kwa sababu usaha na uchafu ndani ya sikio huweza kutibiwa, na wengine hupata nafuu. Wengine wamezaliwa hivyo. Hali hii huonekana zaidi kwa mbwa wenye weupe mwingi kichwani, kama wale wa aina ya Dalmatian wenye madoadoa. Chembe zinazotia rangi ngozi zinahitajika pia ndani kabisa ya sikio, na zikikosekana huko, mtoto wa mbwa hupoteza usikivu katika wiki zake za kwanza. Wapo pia wanaoharibiwa masikio na uzee, au na dawa kama gentamaisini na streptomaisini. Sisi wauguzi tunaijua hatari hiyo ya dawa hizo hata kwa binadamu.

Hapo ndipo huja shauri la kutafuta mbwa wa pili, “awe masikio ya huyu.” Shauri si baya, ila wengi hulitekeleza upesi mno.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na dume la miaka minne lililopoteza usikivu baada ya kuugua masikio. Siku moja mtoto wake mdogo alimshika mkia akiwa usingizini, naye akageuka kwa meno. Hakumuumiza, lakini mume alitamka kwamba mbwa achomwe sindano afe, au apatikane mwingine wa kulinda nyumba na huyu apewe banda la nyuma. Rafiki akamletea yule mama habari za mtoto wa mbwa wa wiki nane, mzuri, wa bure. Akaja kuniuliza. Nilimwambia asimchukue.

Sababu yangu ni hii. Watoto wa mbwa hufundishana kuuma kwa upole wakiwa wanacheza. Mmoja akiuma sana, mwenzake hulia kwa sauti kali, na mchezo husimama. Mbwa kiziwi hakisikii kilio hicho, wala hasikii mngurumo wa onyo. Anaendelea kucheza wakati mwenzake ameshaumia, na mchezo unageuka ugomvi. Tena mtoto wa mbwa hana adabu ya usingizi. Atamrukia mkubwa aliyelala, atamvuta masikio kutoka nyuma, na mbwa asiyesikia hushtuka kila mara. Umeleta nyumbani kitu kile kile kilichomponza mtoto wako, nacho kinatokea mara ishirini kwa siku.

Anayefaa ni mbwa mzima, kama miaka miwili hadi mitano, mtulivu, anayesikia vizuri, na anayezungumza kwa mwili. Kiziwi husoma kwa macho. Mwenzake awe na mkia ambao haukukatwa, masikio yanayoonekana yakisimama au kulala, na uso usiofunikwa na manyoya. Akichoshwa na mchezo, ageuze kichwa au aondoke, asiwe wa kujibu kwa meno. Umbo lao lisipishane sana. Kama wako ni dume, tafuta jike, na wote wawili wahasiwe, la sivyo utakuwa unagawa watoto wa mbwa mtaa mzima. Mbwa mwenye wivu wa chakula mwache hata kama ni mlinzi hodari.

Usiamue kwa kumwona peke yake. Waombe wenyewe mkutane mahali ambapo si kwa mbwa yeyote kati yao, kama uwanja wa mpira asubuhi na mapema. Kila mbwa awe na mtu wake, kamba zilegezwe, mtembee sambamba mkiwa mmeachana hatua kumi, kisha msogeleane taratibu. Kama miili imelegea, na mmoja anainamisha viwiko chini huku ameinua matako, huo ni mwaliko wa kucheza. Tazama kama wanapokezana kukimbizana. Mwili uliokakamaa, manyoya ya mgongoni yaliyosimama na jicho lisilopepesa ni jibu tosha. Kutaneni hivyo mara mbili au tatu. Anayekuharakisha umchukue leo leo ana sababu yake.

Akishafika nyumbani, kila mmoja ale kwenye sahani yake na mbali na mwenzake, na mifupa iokotwe. Wiki mbili za kwanza usiwaache peke yao. Wafundishe wote ishara za mkono: kiganja kilichoinuliwa kwa kusimama, mkono kuelekea kifuani kwa kuja. Usiku tochi ikiwashwa na kuzimwa mara mbili huwa wito mzuri. Mara nyingi yule kiziwi ataanza kumtazama mwenzake, na jike likiinuka kuelekea langoni, naye anainuka. Wengine hawafanyi hivyo kabisa, nao usiwalaumu. Hata anayefanya, mtembeze peke yake mara kwa mara, asije akakosa dira siku mwenzake akiugua.

Jambo moja nalisema kwa uzito: mbwa wa pili hamwondolei wa kwanza mshtuko. Hilo ni kazi yetu na watoto. Wafundishwe kwamba mbwa aliyelala haguswi. Akihitaji kuamshwa, mkubwa akanyage sakafu kwa kishindo, au asogeze mkono mbele ya pua yake anuse, kisha ampe kipande cha chakula, ili kuamshwa kuwe habari njema kwake. Watoto wadogo wasiachwe naye bila mtu mzima.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kwa wote wawili, kuanzia miezi mitatu, na irudiwe kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Mtoto akiumwa, hata na mbwa wenu mnayemwamini, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msipake majani wala mafuta ya taa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili huua karibu kila anayeupata.

Yule mama alisubiri miezi miwili. Alipata jike la miaka mitatu kutoka kwa familia iliyokuwa inahama, mbwa wa kienyeji mwenye mkia mrefu kama ufagio. Mume bado anamwita “mgeni,” lakini habari ya sindano haijatajwa tena. Shingoni mwa dume wamemfunga kengele ndogo. Wageni hucheka wakiambiwa kwamba hasikii. Kengele ni ya mama, apate kujua mbwa yuko wapi kabla mtoto hajamfikia.